Boksi la fyuzi lenye kompyuta: soma hapa kabla hujabadilisha IPDM ya Nissan

Mwenye Nissan Tiida anawasha swichi asubuhi, na kabla hajapiga stata taa kubwa zinawaka zenyewe. Feni ya rejeta inaingia kwa kasi ya mwisho ilhali injini bado baridi. AC haijibu. Anazungusha swichi ya taa mbele na nyuma, hakuna kinachobadilika. Akizima swichi, kila kitu kinatulia. Fundi wa haraka hahitaji zaidi ya hapo: boksi la fyuzi limekufa, nenda katafute jingine. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu dalili hizo zikija zote kwa pamoja, mara nyingi maana yake ni kwamba boksi liko hai na linafanya kile hasa lilichofundishwa.

Boksi lenyewe Nissan wanaliita IPDM E/R. Ni kigawa umeme cha chumba cha injini chenye kompyuta ndogo ndani yake, na kimekuwa kwenye magari yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: March, Note, Tiida, Wingroad, X-Trail ya T31, Murano, yaani Nissan zilezile zinazoshuka Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani. Liko karibu na betri. Ukifungua kifuniko utaona fyuzi, na pengine rilei (swichi zinazofungwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa) mbili tatu za kuchomoa, ukadhani ni boksi la kawaida. Chini ya hizo kuna bodi ya saketi, na juu ya bodi kuna rilei nyingine ambazo hazichomoki kwa mkono kwa sababu zimechomelewa kwa risasi.

Ili kuelewa kwa nini linasumbua watu, rudi kwanza kwenye Corolla ya miaka ya 1990. Pale ukizungusha swichi ya taa, umeme wa swichi ulikwenda kwenye rilei, rilei ikapeleka umeme mkubwa kwenye taa. Taa isipowaka, fundi alifuata waya kwa testa kutoka mwanzo hadi mwisho na mahali palipokatika palijionyesha. Kwenye Tiida hakuna waya wowote unaotoka kwenye swichi ya taa kwenda kwenye taa. Swichi inaijulisha kompyuta ya bodi ya gari, ile inayoitwa BCM, kwamba dereva anataka taa. BCM inaandika ujumbe huo kwenye mtandao wa CAN, ambao ni waya mbili tu zilizosokotwa pamoja, na IPDM inausoma ujumbe kisha inafunga rilei. Waipa ni hivyohivyo. Amri ya feni inatoka kwenye kompyuta ya injini, nayo inapita kwenye waya hizohizo mbili. Kompresa ya AC kadhalika.

Wahandisi walifaidika kwa kupunguza waya, lakini walijitengenezea swali zito. Gari liko barabarani saa mbili usiku, ujumbe unakatika ghafla. Boksi lifanye nini? Jibu limeandikwa ndani yake. Taa kubwa za chini ziwashwe muda wote swichi ikiwa imewashwa, kwa sababu ni afadhali taa ziwake mchana bila sababu kuliko dereva abaki gizani. Feni iende kasi ya juu, kwa sababu boksi halijui tena joto la injini na haliwezi kubahatisha. Waipa zibaki katika hali ileile zilimokuwa hadi swichi izimwe. Kama mvua ilikuwa inanyesha ziendelee kupangusa. Kompresa ya AC, taa za ukungu na joto la kioo cha nyuma vizimwe, kwa kuwa hakuna anayekufa kwa kukosa AC.

Sasa rudi kwa yule wa Tiida. Taa zimewaka, feni inaenda, AC imekataa. Boksi linasema kwamba halisikii mtu. Anaweza kununua IPDM mpya kabisa, na hiyo mpya nayo ikakaa palepale bila kusikia mtu, ikawasha taa na feni vilevile. Hili nimeliona likifanyika kwa boksi la pili na la tatu, kila moja likirudishwa dukani kwa ugomvi eti ni bovu.

Kujua kama mtandao ni mzima hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Chomoa kichwa hasi cha betri, subiri dakika chache kompyuta zilale, kisha weka mita kwenye ohmu na upime kati ya pini ya 6 na pini ya 14 za soketi ya uchunguzi, ile iliyo chini ya usukani. Kila ncha ya mtandao wa CAN ina kizuizi cha ohmu 120, na vizuizi viwili vikiwa sambamba mita husoma takribani 60. Kwenye Nissan hizi kizuizi kimoja kiko ndani ya kompyuta ya injini na kingine kiko ndani ya IPDM yenyewe, jambo ambalo watu wengi hawalijui na ndilo linalofanya kipimo hiki kiwe na maana kubwa hapa kuliko kwenye magari mengine. Ukipata 60, njia kuu iko wazi toka ncha hadi ncha. Ukipata 120, ncha moja imepotea: chomoa soketi ya IPDM, pima pini zake za CAN kwenye boksi lenyewe, na likisoma 120 peke yake basi kizuizi chake kipo na unatakiwa kutafuta waya uliokatika, pini iliyolegea, au upande wa kompyuta ya injini. Namba ikikaribia sifuri, waya mbili zimegusana mahali fulani, mara nyingi pale ambapo mtu alifunga alamu au kifaa cha kufuatilia gari akachuna waya bila kuzifunga vizuri.

Kipimo hiki hakimalizi kila kitu. Kinaweza kuonyesha 60 safi huku chipu ya mawasiliano ndani ya boksi imeungua. Ila kinakuondolea nusu ya mashaka kwa gharama ya dakika kumi.

Boksi likifa kweli, huwa halifi lote kwa mkupuo. Kinachokufa ni kazi moja. Taa za chini za pande zote mbili zinakataa ilhali za juu zinawaka. Waipa ina kasi moja tu. Pampu ya mafuta hailii ukiwasha swichi. Injini inazimika ikishachemka, unasubiri kando ya barabara kwa nusu saa, inawaka tena kama vile hakukuwa na kitu. Au kinyume chake: rilei inang'ang'ania na kukataa kuachia, feni inazunguka gari likiwa limezimwa na asubuhi betri imelala. Kuna dalili moja ambayo hata mafundi wazoefu huishangaa. Umezima gari na kutoa ufunguo, lakini taa ndogo zinawaka zenyewe kwa dakika 10 kisha zinazima. Boksi limegundua kwamba rilei ya swichi imeganda na haikuachia, na halina njia nyingine ya kukuita zaidi ya hizo taa.

Tatizo la rilei za ndani Nissan wenyewe walilikiri hadharani. Oktoba 2010 waliita zaidi ya magari milioni 2 duniani yarudi karakana, yakiwemo March na Cube nchini Japani, na Titan, Armada, Pathfinder, Xterra na Frontier nchini Marekani. Mvuke wa silikoni kutoka kwenye vijenzi vya ndani ulikuwa unajikusanya kwenye pointi za rilei inayoilisha kompyuta ya injini, pointi zinafanya oksidi, rilei inakataa kupitisha umeme, na gari linazimika likiwa mwendoni au linakataa kuwaka. Dawa waliyoichagua ilikuwa kubadilisha rilei. Chrysler nao, wenye boksi la aina hii wanaloliita TIPM, waliita Jeep Grand Cherokee na Dodge Durango za 2011 mwaka 2014, takribani 189,000 Marekani peke yake, kwa sababu ya rilei ya pampu ya mafuta iliyochomelewa kwenye bodi. Suluhisho lao lilikuwa la kufundishia vyuoni: walifunga rilei nyingine nje ya boksi. Baada ya teknolojia yote ile, walirudi kwenye rilei ya kuchomoa kwa mkono.

Kwa hiyo, kabla ya kulihukumu boksi kwa kazi moja iliyokufa, kuna mambo manne ya kuthibitisha: umeme unaingia, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) ipo, amri inafika, na umeme hautoki. Amri utaiona kwa mashine ya uchunguzi inayoweza kusoma data za IPDM. Zungusha swichi ya taa uangalie kama boksi linasoma kwamba taa zimeombwa. Likisoma ndiyo, fyuzi iko sawa, halafu pini ya kutokea ina volti sifuri, hapo una haki ya kulilaumu. Bila jibu la hayo manne unacheza kamari.

Mawili ya kwanza ndiyo yanayopimwa vibaya zaidi. Fundi anaweka mita kwenye pini ya kuingilia, anaona volti 12.5, anasema umeme upo. Mita haina mzigo. Waya uliokatika nyuzi zote ikabaki moja tu utaonyesha volti 12.5 vilevile, kwa sababu mita inahitaji umeme kidogo mno kiasi kwamba uzi mmoja unautosha. Siku feni inapodai ampea 20 kupitia uzi huo, volti zinaporomoka. Pima ukiwa na mzigo: washa taa kubwa na feni, weka ncha nyekundu ya mita kwenye kichwa chanya cha betri, yaani kwenye risasi yenyewe na si kwenye kibano, na ncha nyeusi kwenye pini ya kuingilia ya boksi. Sasa mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani. Unataka namba iliyo karibu na sifuri; ikifika nusu volti kuna mahali pabaya. Fanya hivyo upande wa ethi pia, kutoka pini ya ethi ya boksi hadi kichwa hasi cha betri, na huko usikubali zaidi ya volti 0.2.

Namba hizo zinaonekana ndogo hadi upige hesabu. Kiungo chenye ukinzani wa ohmu 0.05 tu, kikipitisha ampea 20, kinapoteza volti 1 na kutoa wati 20 za joto katika pini moja. Hizo ni wati za pasi ndogo ya kuchomelea redio, ikiwa imesahauliwa ndani ya plastiki safari nzima. Ndiyo maana ukichomoa soketi ya feni kwenye boksi lililoungua unakuta pini moja imebadilika rangi kuwa kahawia na plastiki yake imeyeyuka, wakati jirani zake ni safi. Ukifunga boksi jipya na kulichomekea soketi ileile yenye pini iliyolegea, umelipa kwa ajili ya kurudia tukio. Pini ya kike kwenye soketi hubadilishwa pamoja na boksi.

Kwenye Nissan nyingi za aina hii, mshukiwa wa kwanza wa njia ya kuingilia yuko juu ya betri: kibano cha chanya kimebeba fyuzi kubwa za waya mkuu, na nati zake zikilegea au zikifanya unga wa kijani, boksi linapata njaa. Nimeona magari yaliyobadilishiwa IPDM wakati kilichohitajika kilikuwa msasa na spana namba 10.

Nani huliua boksi? Maji, kwanza. Desturi yetu ya kuosha injini kwa mashine ya presha, ili gari ling'ae kabla ya kuuzwa, inasukuma maji chini ya kifuniko na ndani ya soketi. Siku ile gari linawaka vizuri tu. Kutu ya kijani inahitaji wiki kadhaa kula njia nyembamba za bodi, na ikianza kukorofisha hakuna anayekumbuka kuoshwa. Pili, feni ya rejeta iliyochoka: bushi zikisagika mota inakuwa nzito na inavuta ampea nyingi, si kiasi cha kukata fyuzi, ila kiasi cha kupika rilei polepole. Boksi jipya bila kupima feni ni kumkabidhi muuaji mwathirika mwingine. Tatu, kubusti betri kwa waya zilizogeuzwa. Sekunde moja inatosha, na hapo huwa halifi boksi peke yake.

Ukishajiridhisha, kazi inakuwa ya kutafuta boksi sahihi. Namba ya kipuri cha IPDM huanza na 284B7, ikifuatiwa na tarakimu na herufi nyingine tano, na hizo tano za mwisho ndizo zenye maneno. Boksi la Note na la Tiida linaweza kuwa na umbo lilelile, soketi zilezile na rangi zilezile, lakini moja halina rilei ya taa za ukungu kwenye bodi, au limepangwa kwa feni moja badala ya mbili. Linaingia vizuri, gari linawaka, halafu baada ya mwezi kwenye foleni ya mchana injini inachemka. Muuzaji akikwambia "ni ileile tu, bosi", mwombe aigeuze msome lebo pamoja. Na usikubali namba inayoanza na 23710, ambayo ni kompyuta ya injini, wala 284B1, ambayo ni BCM. Kaunta za vipuri huchanganya haya yote chini ya jina moja la kontroli boksi.

Kuanzia Kirinyaga Road mjini Nairobi hadi Gerezani jijini Dar es Salaam, IPDM nyingi zinazouzwa ni za used zilizofunguliwa kwenye magari ya Japani. Sina neno na hizo. Mara nyingi boksi lililotoka Japani lina maisha kuliko linalodaiwa kuwa jipya na halina lebo. Chungulia pini zote kwa tochi. Tafuta weupe au ukijani kwenye mizizi ya pini, na nusa: bodi iliyoungua hubaki na harufu kwa miaka.

Je, linahitaji kuprogramiwa? Hapa kuna biashara ya kuwatisha watu. Kwenye Nissan za kizazi hiki siri za ufunguo ziko kwenye BCM na kompyuta ya injini, IPDM haizihifadhi. Likiwa na namba sahihi, linachomekwa na kufanya kazi. Anayekudai pesa za kuandikisha funguo kwa sababu umebadilisha IPDM ya Tiida mwombe akueleze anaandikisha nini. Usibebe kanuni hii kwenda kwenye magari mengine, hata hivyo. Kwenye Peugeot 307, BSI, yaani kompyuta yake ya bodi ya gari, iliyoungana na boksi la fyuzi la ndani inashika siri za ufunguo, na ukiweka ya gari jingine bila kazi ya kompyuta gari halitawaka. SAM, yaani maboksi ya fyuzi yenye kompyuta ya Mercedes-Benz, nazo zinadai kupangwa upya.

Kulibadilisha lenyewe ni kazi fupi. Zima swichi, subiri kidogo, chomoa hasi ya betri kwanza. Piga picha kila soketi kabla hujaigusa. Bonyeza kufuli za soketi badala ya kuvuta waya, na soketi ikikataa kutoka kuna kufuli hujaiona. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Baada ya betri kuunganishwa, vioo vya kupanda vyenyewe vinaweza kusahau mwisho wao, na baadhi ya redio za Kijapani hudai msimbo au kadi yake ya ramani, kwa hiyo mwulize mwenye gari mapema. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikiyumba, washa swichi bila kukanyaga mafuta, izime, subiri sekunde 10 usikie koo la hewa likijirekebisha.

Kisha liachie boksi lijipime lenyewe, kwa sababu kwenye modeli nyingi lina jaribio lake la ndani. Funga boneti na milango yote isipokuwa wa dereva, inua waipa zisiguse kioo. Washa swichi, na ndani ya sekunde 20 bonyeza mara 10 kitufe kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, kile kinachobanwa mlango ukifungwa. Zima swichi, iwashe tena ndani ya sekunde 10. Honi inalia mara moja, halafu kazi zinapita zenyewe moja baada ya nyingine: joto la kioo cha nyuma, waipa polepole kisha kwa kasi, taa ndogo, taa kubwa, sumaku ya kompresa ikigonga, feni ya chini na ya juu. Mzunguko wote unarudiwa mara tatu. Jaribio hili likishaanza halingoji swichi ya taa wala amri ya taa kutoka BCM, na ndiyo thamani yake: taa zikiwaka hapa lakini zikikataa kwa swichi, boksi na waya za taa ni salama, tafuta upande wa swichi na BCM, kunakotoka amri. Kwa kweli hiki ni kipimo cha kufanya kabla hujanunua kitu, ni bure, na kingewaokoa wengi waliokwisha kutoa pesa.

Kama kilichokufa ni rilei moja na bodi ni safi, fundi wa elektroniki anayejua kuchomelea anaweza kuitoa na kuweka nyingine yenye ampea na mpangilio wa miguu uleule, kwa sehemu ndogo ya bei ya boksi. Mimi ningeanzia huko. Bodi iliyokwisha kuliwa na maji ningeiacha, maana ukisafisha njia moja kutu inaendelea chini ya nyingine. Kwa vyovyote, ondoka na boksi lako la zamani. Rilei zake zilizo nzima ni spea, na kabla ya kulipa, bana waya wa feni kwa mita ya klampu inayopima DC, injini ikiwa moto na AC imewashwa, uone inavuta ampea ngapi.